Fanksheni za Ndani za Kompyuta na Maji ya Bamvua Unguja

Mgeni afikaye Darajani, katikati ya mji wa Zanzibar, aghalabu huuliza daraja liko wapi. Daraja halipo tena. Zamani mkono wa bahari ulipita mahali hapo na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalipojaa, mji wa mawe ulikaribia kuwa kisiwa. Yalipokupwa, palibaki tope. Katika karne ya 20 mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, na leo hapo pamepita barabara kuu. Hata hivyo bahari haijaondoka katika maisha ya Darajani. Soko lililofunguliwa hapo mwaka 1904 hupokea samaki waliovuliwa na watu wanaofuata saa za maji, na mwani unaokaushwa katika vijiji vya pwani ya mashariki hulimwa na kuvunwa kwa saa hizo hizo.

Makala haya yanahusu saa hizo, na jinsi kompyuta inavyoweza kuzikokotoa. Lakini shabaha yake hasa ni jambo ambalo wanafunzi wengi hulitumia bila ya kulitafakari, yaani fanksheni za ndani za lugha ya kompyuta. Nitaeleza ni kitu gani, zinafanya kazi vipi, na kwa nini mtu anayezitumia bila ya kuzijua anaweza kumhatarisha mwenzake.

Fanksheni ni nini?

Katika hisabati, fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa namba nyingine, na kila namba inayoingia ina jibu moja tu. Ukiipa kanuni ya kipeuo cha pili namba 49, itatoa 7. Ukiipa kanuni ya sini pembe ya digrii 30, itatoa 0.5.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka vile vitabu vyembamba vya majedwali tulivyovibeba shuleni. Tulipotaka sini ya digrii 37, hatukuikokotoa; tulifungua ukurasa, tukashuka na safu, tukasoma 0.6018. Kazi ya kukokotoa ilikuwa imekwisha kufanywa na watu wengine kabla yetu. Kazi hiyo ni ya kale. Wataalamu wa Bara Hindi walitunga majedwali ya sini zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, Waarabu wakayapokea na kuyaendeleza, na jina lenyewe lina historia yake: neno la Kiarabu jayb, lenye maana ya mfuko au uwazi wa kifuani mwa nguo, lilifasiriwa kwa Kilatini kuwa sinus, na humo ndimo ilimotoka sini.

Fanksheni ya ndani ni mrithi wa kitabu kile. Ni kanuni iliyokwisha kuandikwa na watengenezaji wa lugha ya kompyuta, ikajaribiwa, na kuwekwa ndani ya lugha yenyewe, hata mtumiaji haitaji ila jina lake na namba anayotaka kuipa. Lugha ya Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, ilikuwa na fanksheni za namna hiyo tangu siku za mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, aliandika MATLAB ili wanafunzi wake waweze kushughulika na matriki bila ya kuandika programu ndefu. MATLAB ile ya kwanza ilikuwa na maneno maalumu na fanksheni 71 tu kwa jumla. Leo zipo maelfu. Lugha ya Octave, iliyoanza kuandikwa na John W. Eaton mwaka 1992, inafanana nayo sana, na shule yoyote yaweza kuipata bila ya malipo. Mifano yote ya makala haya inakubalika katika Octave.

Kompyuta huipataje sini?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba ndani ya kompyuta mna jedwali kubwa la sini zote. Sivyo. Kompyuta hujua hasa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Sini hupatikana kwa kuunganisha vitendo hivyo. Tuchukue x kuwa pembe iliyopimwa kwa rediani. Pembe ikiwa ndogo, sini yake hukaribiana sana na hesabu hii:

x − x³/6 + x⁵/120

Tujaribu x = 0.5. Sehemu ya kwanza ni 0.5, ya pili ni 0.020833, ya tatu ni 0.000260. Jibu ni 0.479427. Thamani ya kweli ni 0.479426. Kwa sehemu tatu tu tumepata usahihi wa desimali tano.

Sasa tujaribu x = 10. Hesabu ile ile inatupa karibu 676.67, na hali tunajua kwamba sini haiwezi kupita 1. Basi fanksheni ya ndani hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza huipunguza pembe kwa kuondoa mizunguko: 10 kutoa mara tatu ya pai ni 0.57522, na nusu mizunguko tatu hubadilisha alama ya jibu. Pili huikokotoa pembe ndogo iliyobaki. Kwa 0.57522 tunapata 0.54402, na kwa hiyo sini ya 10 ni −0.54402. Watengenezaji hutumia sehemu nyingi zaidi na viwango vilivyochaguliwa kwa uangalifu hata jibu liwe sahihi kwa karibu tarakimu 16. Lakini msingi ni huo.

Maji hujaa na kupwa kwa kosini

Kila mtoto wa pwani anajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na zaidi kidogo, na kwamba siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ilhali katikati yake huja maji mafu. Sababu ni mvuto wa mwezi na wa jua. Wimbi la mwezi hurudi kila baada ya saa 12.42, yaani huenda digrii 28.984 kwa saa. Wimbi la jua hurudi kila baada ya saa 12 kamili, yaani digrii 30 kwa saa. Tofauti yao ni digrii 1.016 tu kwa saa. Mawimbi yanapokwenda pamoja, hujumlishana na tunapata bamvua. Baada ya saa 177 hivi, ambazo ni siku saba na ushei, yamekwisha achana kwa digrii 180. Moja hulipunguza jingine, na tunapata maji mafu. Hesabu ya mzee wa dau na hesabu ya kompyuta zinakubaliana hapa.

Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi hayo na kuchora mstari wa maji kwenye karatasi. Kila gurudumu lilikuwa kama kosini ya chuma. Leo kazi hiyo hufanywa kwa mistari miwili:

t = 0:24;
h = 2.0 + 1.2*cosd(28.984*t) + 0.6*cosd(30*t);

Mstari wa kwanza huunda safu ya saa kuanzia 0 mpaka 24. Wa pili hukokotoa kimo cha maji kwa mita katika kila saa. Vimo vya 2.0, 1.2 na 0.6 nimevikadiria kwa ajili ya zoezi. Utabiri rasmi huvipata kwa kupima maji kwa muda mrefu, na huyajumlisha mawimbi mengi kuliko mawili. Katika bandari ya Zanzibar maji yamekuwa yakipimwa kwa chombo maalumu tangu mwaka 1984. Saa 0 ya mfano wetu ni wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, ambao kwa Unguja huangukia karibu na saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni. Saa sita baadaye, yaani kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku, maji huwa yamekupwa.

Jedwali lililokataliwa

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa pwani ya mashariki, alitaka kumtengenezea mama yake jedwali la maji. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha mashamba wazi, wakafunga mbegu kwenye kamba, kisha wakarudi kabla ya maji kupanda. Kijana aliandika programu yake vizuri, akachapa vimo vinne kwa kila siku, akampelekea mama jedwali.

Mama aliliangalia, akamwuliza, "Mwanangu, haya ni maji ya wapi? Siku ya bamvua saa nne asubuhi mwamba wote uko wazi. Wewe umeniandikia maji ya kiunoni." Kijana alinijia na karatasi yake. Alikuwa ameandika cos badala ya cosd.

Tofauti ni ya herufi moja. Katika lugha hii cosd hupokea digrii, bali cos hupokea rediani. Rediani moja ni kiasi cha digrii 57.3. Aliipa fanksheni namba za digrii, nayo ikazisoma kuwa rediani, ikatoa majibu bila ya kulalamika. Nimeikokotoa upya siku hiyo moja kwa mfano wetu. Jibu la kwanza ni la cosd, na la pili ni la cos:

Saa 0 (saa 10 alfajiri): mita 3.80; mita 3.80
Saa 6 (saa 4 asubuhi): mita 0.21, mita 1.11
Saa 12 (saa 10 jioni): mita 3.77, mita 1.09
Saa 18 (saa 4 usiku): mita 0.26; mita 3.74

Msomaji na aangalie mambo matatu. La kwanza, mstari wa mwanzo ni sahihi kwa njia zote mbili, kwani kosini ya sifuri ni 1 kwa kipimo chochote. Kijana alikuwa amejaribu mstari huo peke yake akaridhika. La pili, hakuna jibu hata moja linaloonekana la ajabu. Kosini haitoki nje ya −1 na 1, kwa hiyo kimo hakiwezi kupita mita 3.8 wala kushuka chini ya mita 0.2, hata hesabu iwe na kosa kubwa namna gani. Kosa limejificha ndani ya mipaka ya ukweli. La tatu, tazama saa kumi za jioni. Jedwali la kosa linasema maji ni mita 1.09, na kweli ni 3.77. Mtu anayeliamini jedwali hilo angetembea kwenda mahali penye maji yanayompita kimo mara mbili.

Mama yule hakudhurika, kwa sababu aliijua bahari kabla ya kulijua jedwali. Lakini tusitegemee kwamba kila atakayepokea hesabu zetu atakuwa na elimu ya kuzisahihisha. Mgonjwa hajui hesabu ya dawa yake, wala abiria hajui hesabu ya daraja analolipita.

Mitego mingine

Kosa la kijana yule lina ndugu zake, na walimu watafanya vyema kuwaonya wanafunzi mapema.

Logi. Katika majedwali ya shule, logi ya 100 ni 2. Ukiandika log(100) katika Octave utapata 4.6052, kwa sababu log ya lugha hizi ni logi asilia, ambayo kizio chake ni 2.71828. Ukitaka logi ya shuleni, andika log10(100).

Baki. Zipo fanksheni mbili za kutafuta baki ya mgawanyo, mod na rem. Kwa namba chanya hutoa jibu moja, lakini kwa namba hasi huachana. Tuseme tunataka kugeuza saa ya Kizungu kuwa saa yetu ya Kiswahili. Tunatoa sita, kisha tunatafuta baki ya kumi na mbili. Kwa saa 4 ya Kizungu, mod(4-6,12) inatoa 10, ambayo ndiyo saa kumi. Lakini rem(4-6,12) inatoa −2, na hakuna saa ya namna hiyo duniani. Hata mod yenyewe hutaka uangalizi: kwa saa 6 ya Kizungu inatoa 0, na sisi husema saa kumi na mbili. Fanksheni imetenda kama ilivyoahidi. Ni juu yetu kuibadili 0 kuwa 12.

Nafasi. Ukiandika [m,k] = min(h), kompyuta itatoa kimo cha chini kabisa, m, na nafasi yake katika safu, k. Kwa mfano wetu m ni 0.2068 na k ni 7. Mwanafunzi mwenye haraka atasema maji yamekupwa kabisa saa ya 7. La hasha. Safu huhesabiwa kuanzia 1, na saa zetu zinaanzia 0. Nafasi ya 7 ni saa ya 6. Njia salama ni kuuliza t(k).

Sifuri isiyo sifuri. Andika sin(pi), nawe utapata 1.2246e-16, yaani 1.2246 kugawanya kwa 10 iliyozidishwa yenyewe mara 16. Fanksheni haikukosea. Pai haina mwisho, nayo kompyuta imehifadhi tarakimu 16 hivi tu za mwanzo. Sini ya pai iliyokatwa si sifuri kamili. Kwa hiyo programu isiulize kama jibu ni sawa na sifuri, bali iulize kama thamani yake bila ya alama ni ndogo kuliko kiwango kilichowekwa, na hiyo ndiyo kazi ya fanksheni abs.

Majina. Octave haimkatazi mtu kuandika max = 3.8. Akifanya hivyo, jina max limekuwa namba, na fanksheni ya jina hilo imefichika. Atakapoandika max(h) baadaye, ataletewa kosa lisiloeleweka. Dawa yake ni clear max, na kinga yake ni kuchagua majina ya Kiswahili: kimo_kikubwa hakigongani na kitu.

Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi

Isidhaniwe kwamba nawashauri wanafunzi waandike sini zao wenyewe. Fanksheni za ndani zimeandikwa na mabingwa na kujaribiwa na watu wengi kwa miaka mingi, na hapana sababu ya kuziacha. Ninalosema ni kwamba kila fanksheni ni mapatano baina ya pande mbili. Mtengenezaji ameahidi kwamba akipewa namba ya aina fulani, kwa kipimo fulani, atatoa jibu fulani. Mtumiaji naye anawajibika kuyasoma mapatano hayo. Katika Octave hatua hiyo ni neno moja: help cos.

Baada ya kusoma, ajaribu. Kwanza aipe fanksheni namba ambayo jibu lake analijua, wala isiwe sifuri, kwani sifuri huficha mengi. Cosd(60) ni 0.5, cos(60) ni −0.9524. Jaribio hilo la nusu dakika lingetosha kumwokoa kijana wetu. Pili achore mchoro. Maji ya bahari hupanda na kushuka taratibu. Mstari wa cos, ukichorwa saa kwa saa, unarukaruka kama meno ya msumeno, na jicho hulitambua kosa mara moja. Tatu amwonyeshe mtu anayekijua kitu chenyewe, awe mvuvi, mkulima au fundi.

Kwa shule zenye kompyuta hata moja, napendekeza mazoezi mawili. Zoezi la kwanza: wanafunzi wabadilishe t iwe 0:720, yaani siku thelathini, wachore mstari wa h, kisha wahesabu siku kutoka bamvua moja mpaka nyingine, watapata kiasi cha siku 14.8. Zoezi la pili: wachague siku mbili za bamvua na mbili za maji mafu, waende pwani iliyo karibu na mtu mzima anayeijua, waandike saa ambayo maji yamekupwa kabisa, kisha walinganishe na hesabu yao. Zitatofautiana kidogo, kwani bamvua huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, nasi tumetumia mawimbi mawili tu. Tofauti hiyo na ijadiliwe darasani.

Kijana yule aliongeza herufi moja katika mistari yake miwili, akachapa jedwali jipya. Safari hii hakulichapa kwa vimo vinne, bali kwa saa zote ishirini na nne, na aliligongomea ukutani baada tu ya mama yake kulisoma kutoka juu mpaka chini na kulikubali.